Somo la ordinateri: Kuunganisha matawi bila kuharibu hesabu



Wengi wenu mulituuliza ulizo hili: «Kama watu wawili wanaandika programu moja, mumoja yuko Butembo na mwingine yuko Beni, kazi yao inakutana namna gani? Nani anaandika juu ya kazi ya mwenzake?» Ulizo ni zuri, na sisi wa kikundi cha ordinateri tunapenda kulijibu kwa somo hili. Tutaeleza matawi ya programu ni nini, mashini inayaunganisha namna gani, na majaribio yanatulinda katika nini. Tena tutaeleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kusudi ninyi musilirudie.

Chukueni kaye na biki. Mutahesabu kidogo.

1. SIKU 21

Kila mutu wa Butembo na wa Beni anajua namba 21. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilionekana kwanza Mangina, karibu na Beni. Kisha ilifika Beni yenyewe, Katwa, Butembo, na pahali pengine pengi, hata Ituri. Wakati ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 3470, na kati yao 2287 walikuwa wamekufa. Si lazima tueleze zaidi. Wengi wetu tulizika.

Moja ya silaha za kupigana na ugonjwa ule ilikuwa listi. Kila mugonjwa alipojulikana, ekipe iliandika majina ya watu wote waliomugusa. Ugonjwa unaweza kujificha ndani ya mwili tangu siku 2 mpaka siku 21 mbele homa haijaonekana. Basi kila mutu wa listi alipaswa kutembelewa na kupimwa homa kila siku, mpaka siku ya 21.

Hesabu inakwenda hivi: siku mutu aliyomugusa mugonjwa ni siku ya sifuri. Kesho yake ndiyo siku ya kwanza. Kama alimugusa tarehe 1 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 2 Machi, na siku ya 21 ni tarehe 22 Machi. Hesabuni kwa vidole, mutaona. Wengi wanafikiri ni tarehe 21 kwa sababu namba inafanana. Hapana, ni tarehe 22. Shikeni jambo hili, tutalirudilia.

Kwa kutangaza mwisho wa ugonjwa, siku 21 zinahesabiwa mara mbili, ni kusema siku 42. Munakumbuka mwaka 2020: watu walikuwa wanangojea tangazo la mwisho tarehe 12 Aprili. Siku 52 zilikuwa zimepita bila mugonjwa mupya. Lakini tarehe 10 Aprili, siku mbili tu mbele ya tangazo, mugonjwa mupya alijulikana Beni. Hesabu ilipaswa kuanza upya kisha ugonjwa kutulia tena. Ilianza tarehe 14 Mei, nayo ikafika 25 Juni. Basi tunaona kwamba katika jambo hili siku moja si kitu kidogo.

Wakati ule ekipe zilitumia pia programu za ordinateri kwa kushika listi hizo. Moja inaitwa Go.Data, iliyotengenezwa na Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na wasaidizi wake. Sisi hatukuandika ile. Tulichukua tu hesabu ya siku 21 kuwa mufano wa masomo, kwa sababu kila mutu hapa anaielewa. Programu yetu ni ndogo, haijatoka kamwe katika chumba cha darasa. Hata hivi ilitufundisha mengi.

2. SHINA NA MATAWI

Programu ni maandiko. Ni mistari ambayo mutu anaandika, na mashini inaifuata neno kwa neno. Kama watu wawili wanataka kuandika katika kaye moja kwa wakati mumoja, watapigana biki. Kama kila mumoja anachukua kopi yake na kwenda nayo nyumbani, hawatapigana, lakini kisha juma moja kutakuwa kaye mbili zisizofanana. Ni ipi iliyo ya kweli?

Waandishi wa programu waliona taabu hii zamani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alianza programu kubwa inayoitwa Linux. Watu wengi sana wa inchi nyingi walikuja kumusaidia, na kila mumoja alituma mabadiliko yake. Katika Aprili 2005 Torvalds aliandika chombo cha kushika na kuunganisha mabadiliko hayo, kinaitwa Git. Hata leo waandishi wengi wa programu katika dunia yote wanatumia chombo hicho.

Katika Git, programu inayokubaliwa na wote tunaiita SHINA. Mutu anayetaka kubadili kitu haandiki katika shina. Anafungua TAWI: ni kopi inayoanzia pahali fulani pa shina, na pale anafanya kazi yake kwa utulivu. Kila hatua anayoimaliza anaiweka akiba, pamoja na maneno machache ya kueleza alifanya nini na sababu gani. Kazi ikiisha, tawi linaunganishwa na shina. Kama kazi ni mubaya, tawi linakatwa, na shina halikuumia hata kidogo.

Chombo hiki kinafaa sana kwa watu wa huku kwetu. Juu ya nini? Kwa sababu kila mutu ana kopi nzima katika mashini yake, pamoja na historia yote. Umeme wa network ukikatika, kazi haisimami. Unaandika, unaweka akiba, na siku network inaporudi unatuma yote. Kutoka Butembo mpaka Beni ni zaidi ya kilometa 50 tu, lakini munajua kwamba kila siku si siku ya kupita barabara ile. Mabadiliko ya programu yanapita hata siku ambazo sisi hatupiti.

Namna hii ya kazi si ya Wazungu peke yao. Programu ya OpenMRS, ya kushika habari za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, katika Kenya, mwaka 2006, na watu wa inchi nyingi, Waafrika kati yao, wamekuwa wakiandika vipande vyake. Mikono mingi, shina moja.

3. MASHINI INAUNGANISHA NAMNA GANI?

Wengi wanafikiri kwamba kuunganisha ni kubandika kaye moja chini ya nyingine. Sivyo. Fikirini mama muuzaji aliyeandikwa katika listi ya Beni, kisha akaja sokoni Butembo na akaandikwa huku tena. Ukibandika listi mbili pamoja, mama huyu anakuwa watu wawili, na ekipe mbili zitamutafuta. Kuunganisha kunaomba kulinganisha.

Git inalinganisha maandiko matatu, si mawili: tawi la kwanza, tawi la pili, na mahali pa zamani ambapo matawi yote mawili yalitoka. Maandiko yale ya zamani tunaweza kuyaita muzazi wa pamoja. Kwa kila mustari mashini inafuata sheria hizi:

a) Mustari usioguswa na tawi lolote unabaki kama katika muzazi.
b) Mustari ulioguswa na tawi moja tu: badiliko la tawi lile linachukuliwa.
c) Mustari ulioguswa na matawi yote mawili kwa namna moja: badiliko linachukuliwa mara moja.
d) Mustari ulioguswa na matawi yote mawili kwa namna mbili tofauti: mashini inasimama na kuita mutu.

Hali hii ya nne inaitwa MUGONGANO. Mashini inaandika alama saba za namna hii <<<<<<< kisha maneno ya tawi moja, alama saba za ======= kisha maneno ya tawi la pili, na mwisho alama saba za >>>>>>> kusudi mutu aone na kuchagua.

Mufano: katika shina kichwa cha listi kilikuwa «Listi». Wa Butembo waliandika «Listi ya Butembo», wenzetu wa Beni waliandika «Listi ya Beni». Mashini ikasimama. Nani ana haki? Wote na hakuna. Tulizungumza kwa telefone, tukaandika «Listi ya Butembo na Beni». Tazameni: jibu halikuwa katika tawi lolote. Lilitoka katika mazungumzo.

Mutu asiogope mugongano unaoonekana. Mashini ikisimama na kuita, imefanya kazi yake vizuri. Wa kuogopwa ni mugongano usioonekana. Mashini inatazama mistari, haielewi maana. Kama tawi moja linabadili mustari wa juu, na tawi la pili linabadili mustari wa mbali, mashini inasema: «Hakuna mugongano,» na inaunganisha kwa furaha, hata kama mistari ile miwili pamoja inasema uongo.

4. JARIBIO NI NINI?

Hapa ndipo majaribio yanapoingia. Programu nzuri inagawanywa katika vipande vidogo, na kila kipande kina kazi moja. Jaribio la kipande ni kama maulizo ya mwalimu ku tablo: unakipa kipande ulizo ambalo jibu lake unalijua, na unatazama kama kinajibu vile. Kikijibu sawa, mashini inaonyesha rangi ya kijani. Kikikosa, inaonyesha nyekundu.

Kent Beck, Mwamerika, aliandika chombo cha namna hii kwa luga ya programu inayoitwa Smalltalk. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma, ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, walianza kuandika JUnit, chombo cha majaribio kwa luga ya Java. Tangu pale desturi hii ilienea sana. Wengi leo wanakataa kuunganisha tawi lolote kama majaribio yote hayajawa ya kijani.

Katika programu yetu kulikuwa jaribio hili:

   Ulizo: mutu alimugusa mugonjwa tarehe 1 Machi.
   Jibu: siku ya mwisho ya kumutembelea ni tarehe 22 Machi.

Jaribio kama hili si pambo. Ni ahadi iliyoandikwa. Linasema kwa mutu atakayekuja nyuma yetu, hata kama sisi tumekwisha kutoka masomoni: «Hivi ndivyo tulivyoahidi kwamba programu itafanya.»

5. KOSA LETU

Sasa tueleze mambo yaliyotupata.

Zamani katika shina kulikuwa vipande viwili. Cha kwanza kiliitwa HESABU, cha pili LISTI:

   HESABU: siku = siku ya kugusana + 22
   LISTI: andika «siku ya mwisho» = siku iliyotoka katika HESABU

Mwandishi wa kwanza alitia 22 kwa sababu alifikiri juu ya asubuhi ambayo mutu anaachiliwa, kesho ya siku ya 21. Lakini LISTI iliandika siku ile kuwa siku ya mwisho ya kutembelea. Basi mutu aliyegusa tarehe 1 Machi aliandikiwa 23 Machi. Siku moja zaidi.

Kosa hili lilionekana Butembo na Beni karibu juma moja, na kila upande ulilitengeneza katika tawi lake bila kuambia wengine. Hili lilikuwa kosa la kwanza: hatukuambiana.

Sisi wa Butembo tulitengeneza HESABU:

   HESABU: siku = siku ya kugusana + 21

Tukageuza jaribio la HESABU kutoka 23 Machi kuwa 22 Machi. Majaribio yote ya tawi letu yakawa ya kijani.

Wenzetu wa Beni hawakugusa HESABU. Walitengeneza LISTI:

   LISTI: andika «siku ya mwisho» = siku iliyotoka katika HESABU, toa 1

Wakaongeza jaribio la LISTI: aliyegusa 1 Machi aandikiwe 22 Machi. Majaribio yote ya tawi lao nayo yakawa ya kijani.

Angalieni vizuri: kila tawi peke yake lilikuwa na haki. Butembo walipata 22 Machi. Beni walipata 22 Machi. Hakuna aliyefanya kazi mubaya.

Kisha tuliunganisha. Mustari wa HESABU uliguswa na tawi moja tu, wa LISTI uliguswa na tawi moja tu. Mashini ikafuata sheria yake, ikachukua mabadiliko yote mawili, ikasema hakuna mugongano. Lakini hesabuni sasa: 1 Machi ongeza 21, ni 22 Machi. Toa 1, ni 21 Machi. Kosa moja lilikuwa limetengenezwa mara mbili, na dawa mbili zilizaa ugonjwa mupya.

Jaribio la LISTI likawa jekundu: «Nilingojea 22 Machi, nimepata 21 Machi.» Jaribio lilifanya kazi yake. Lilituita kwa sauti.

Na sisi tulifanya nini? Ilikuwa jioni, mashini ya umeme ilikuwa karibu kuzimwa, na tulitaka kumaliza mbele ya siku ya wazazi. Mumoja wetu alitazama na kusema: «Lakini si ni siku 21? Mashini inasema tarehe 21. Inafanana. Ni jaribio ndilo liko na kosa, wa Beni hawakuhesabu muzuri.» Wote tukaitika. Tukafuta 22 katika jaribio, tukaandika 21. Yote yakawa ya kijani, na tukaenda kulala na moyo mweupe.

Siku ya wazazi tulionyesha programu yetu. Watu walifurahi. Mama mumoja, muuguzi, muzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu, alikaa mbele ya mashini. Yeye mwenyewe alitembelea watu wa listi katika Katwa mwaka 2019. Aliomba tutie tarehe ya kugusana. Tukatia 1 Machi. Akatazama jibu, akahesabu kwa vidole polepole, akarudia mara ya pili. Kisha akasema: «Wanangu, huyu munamwacha siku ya 20.»

Tulinyamaza. Mumoja wetu akajibu kwamba ni siku moja tu. Mama akamwambia bila hasira kwamba siku hiyo moja wao walikuwa wanaipandia milima kwa miguu, na nyumba zingine ziliwafungia mulango, na hata hivi walirudi. Hawakurudi juu ya kupenda kutembea. Walirudi kwa sababu siku ya 21 nayo ni siku ya hatari kama zingine.

Hatukuwa na neno la kujibu.

6. TULIKOSA KATIKA NINI?

Kisha tulikaa pamoja, wa Butembo, na wa Beni kwa telefone, na tukatafuta kosa letu bila kutupiana.

Kosa kubwa halikuwa kuhesabu mara mbili. Jambo lile linaweza kumupata mutu yeyote mwenye akili. Kosa kubwa lilikuwa kugeuza jaribio kusudi linyamaze. Jaribio lilikuwa shahidi wetu, nasi tulimupa shahidi rushwa. Tena tulimufundisha uongo: tangu jioni ile, mutu yeyote ambaye angetengeneza hesabu kuwa ya kweli angeona rangi nyekundu, na angefikiri kwamba yeye ndiye anayeharibu.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Tuliacha HESABU na 21. Tuliondoa «toa 1» katika LISTI. Tuliurudisha jibu la jaribio la LISTI kuwa 22 Machi, kama wenzetu wa Beni walivyoliandika tangu mwanzo. Yote yakawa ya kijani, na safari hii kijani kilikuwa cha kweli. Hakuna jaribio hata moja lililohitaji jibu jipya.

Na ile dharau tuliyoisema juu ya wenzetu wa Beni kwamba hawakuhesabu vizuri, tuliwaomba radhi. Wao ndio waliohesabu vizuri.

7. WAKATI GANI JARIBIO LINAPASWA KUBADILIKA?

Mutu asifikiri kwamba jaribio haliguswi kamwe. Wakati wa kuunganisha matawi, mara nyingi majaribio yanaomba kutengenezwa. Lakini tujue tofauti. Kuna hali tatu.

Hali ya kwanza: namna ya kuuliza imebadilika. Nyuma ya mambo haya, wenzetu wa Beni walifungua tawi lingine. Waliona kwamba mutu anaweza kugusa wagonjwa wawili kwa siku mbalimbali, na hesabu inapaswa kuanzia mara ya mwisho. Basi HESABU haikupokea tena tarehe moja, ilipokea tarehe nyingi. Majaribio yetu ya zamani, yaliyotoa tarehe moja, yakakataa kutembea. Hapa tulipaswa kuyatengeneza: tukaandika tarehe ile moja ndani ya listi ya tarehe. Lakini jibu la 22 Machi halikuguswa. Tuligeuza mulango, hatukugeuza nyumba. Tena tuliongeza jaribio jipya: aliyegusa 1 Machi na 10 Machi, siku yake ya mwisho ni 31 Machi.

Hali ya pili: sheria yenyewe imebadilika. Siku moja waganga wenye mamlaka wakiandika kwamba siku za kufuata si 21 tena, basi majibu ya majaribio yatabadilika. Hapa ni haki. Lakini barua ya sheria inakuja kwanza, kisha jaribio, kisha programu. Mutu asigeuze jibu halafu atafute sheria ya kulifunika.

Hali ya tatu: sheria haikubadilika, namna ya kuuliza haikubadilika, lakini jaribio ni jekundu. Basi kosa liko katika programu, ao katika kuunganisha kwenyewe. Usiguse jaribio. Tafuta.

Mutu atauliza: «Na kama jaribio lenyewe liliandikwa vibaya tangu mwanzo?» Inaweza kuwa. Jaribio letu la zamani la 23 Machi lilikuwa hivyo: mwandishi alitazama programu inasema nini, akaandika vile. Alipaswa kutazama sheria. Ndiyo maana hatuhukumu jaribio kwa programu, wala programu kwa jaribio peke yake. Vyote viwili tunavipeleka mbele ya sheria, na tunahesabu kwa mukono, kama mama yule alivyofanya.

8. DESTURI TUNAZOSHIKA SASA

– Mbele ya kufungua tawi, tunaambia wengine tunakwenda kutengeneza nini. Message fupi ya telefone inatosha.

– Tawi lisikae siku nyingi bila kuunganishwa. Tawi la siku mbili linarudi kwa urahisi. Tawi la miezi miwili ni kama mutoto aliyekulia mbali, hatambui tena watu wa nyumbani.

– Mbele ya kupeleka tawi letu katika shina, tunachukua kwanza mambo mapya ya shina na kuyatia katika tawi letu, kisha tunatembeza majaribio yote. Kijani cha tawi peke yake hakitoshi. Tunataka kijani cha vyote pamoja.

– Badiliko lolote la jibu la jaribio linasomwa na watu wawili, mumoja wa Butembo na mumoja wa Beni. Aliyeligeuza anaandika sababu kwa maneno kamili. «Nilitengeneza jaribio» si sababu.

– Kama ni usiku na umeme unakaribia kukatika, hatuunganishi. Shina litatungojea mpaka asubuhi.

Ndugu wanafunzi, hata ninyi musiopenda ordinateri, somo hili linawahusu. Kila mumoja wetu amekwisha kuona mutu anayefuta namba katika kaye ya hesabu kusudi ifanane na jibu la nyuma ya kitabu. Sisi tulifanya hivyo na tulishukuru kwamba ilikuwa ku mashini ya masomo tu. Kwa watu wa listi za kweli, walio Beni, Katwa na Butembo, namba ile ilikuwa mutu.

MAULIZO

1. Mutu alimugusa mugonjwa tarehe 8 Februari 2019. Siku yake ya 21 ni tarehe gani? Na kama ilikuwa tarehe 8 Februari 2020? Juu ya nini majibu hayafanani?

2. Tangu 14 Mei mpaka 25 Juni 2020 ni siku ngapi? Hesabuni 14 Mei kuwa siku ya sifuri.

3. Tawi moja limegeuza jina la kipande HESABU kuwa SIKU_YA_MWISHO. Tawi la pili limeandika kipande kipya kinachoita HESABU kwa jina lake la zamani. Je, mashini itaona mugongano wakati wa kuunganisha? Nani atauona?

4. Mwenzako amegeuza jibu la jaribio kutoka 31 Machi kuwa 30 Machi, na ameandika tu: «sasa ni kijani». Utamuuliza maulizo gani mbele ya kukubali?

Jibuni katika kaye zenu na mulete kwetu siku ya kikundi. Wenye kujibu ulizo la tatu vizuri watafungua tawi lao la kwanza pamoja nasi.

Sisi wa kikundi cha ordinateri